Iko Sawa

Rafiki yangu ndiye aliyenisimamia kwenye harusi yangu, kwa hiyo aliponijibu "iko sawa" sikuona haja ya kumkagua. Tulitunza pamoja kompyuta za kliniki ya wajawazito karibu na Adams Arcade, zote zikitumia mfumo wa Linux. Mimi nililia na usalama: tundu la kupitia wadukuzi likitangazwa kwenye programu, nataka lizibwe kabla ya chai ya saa nne. Yeye alilia na utulivu, mashine inayofanya kazi isiguswe. Tulibishana hadi tukakubaliana kwamba kila sasisho la programu lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya akiba, tuliangalie siku nzima, ndipo liwekwe kwenye seva, kompyuta kuu yenye rekodi zote. Yeye asasishe, mimi nimjibu daktari mwenye kliniki.

Kisha sasisho moja likapita majaribio yetu vizuri na bado likazima printa, asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Manesi walimkaanga yeye, maana ndiye aliyekuwa zamu. Nilimpa pole nikadhani yameisha.

Tangu hapo kila Ijumaa nilimuuliza, "Umefanya zile updates?"

"Iko sawa, usijali."

Nami napanda ngazi kwa daktari, namwambia kwa kinywa changu kwamba tuko salama.

Siku wezi wa mtandao walipozifunga rekodi za wagonjwa wakidai pesa, nilikagua seva nikakuta amezuia masasisho yote tangu wiki ile ya printa. Tundu waliloingilia lilikuwa na sasisho la kuliziba kitambo, linangoja ruhusa tu. Nakala za akiba zilikuwa kwenye seva hiyohiyo, zikapotea pamoja na rekodi.

"Kwani ulitaka nifanye aje?" alisema, kikombe mkononi. "Anayegombezwa na manesi ni mimi, si wewe. Na printa haijasumbua tena."

Nilitamani kumrushia kibodi. Angenikatalia usoni tungegombana siku hiyo tukamaliza. Badala yake alinidanganya kwa upole, Ijumaa baada ya Ijumaa, akanituma nikamdanganye daktari kwa niaba yake. Sijamsamehe, na sioni haraka ya kumsamehe.

Kesho yake tuliketi mapokezi, mimi meza moja na yeye nyingine, kuwaandikisha kina mama upya. Mama mmoja kutoka Kabiria nilimuuliza amebeba mimba ngapi, na watoto wangapi wako hai.

"Hayo si niliwaambia nikija mara ya kwanza?" akasema. "Nililia hapa hapa. Mnataka niseme tena?"

Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba tumepoteza rekodi zake. Akaanza upya, polepole, kuhusu mtoto aliyemzika, nami nikiandika. Rafiki yangu alikuwa anasikia kila neno na hakuinua macho. Nilipomaliza nikabonyeza kuchapisha, na printa ikaitoa kadi papo hapo, wino safi, bila kukwama hata kidogo.