Kilomita Nne za Evelyn

Dada yangu Evelyn ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Voi. Ana miaka arobaini na tisa, magoti yake hulalamika akipanda ngazi, na ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza. Mimi Donald, mdogo wake, nimejifunza hilo kwa kuumia.

Mama yetu, Peris, alikuwa mpeleka chanjo. Miaka ile gari la zahanati lilipoharibika likaachwa hapo hapo, mama alifunga kisanduku cha barafu kwenye karia ya baiskeli kwa mpira wa tyubu. Kila Jumatano alitoka Voi alfajiri, akashika barabara ya Mombasa hadi Maungu, akakata kulia, akaingia vumbini mpaka Kasigau. Ni zaidi ya kilomita sitini. Huko kuna watu wazima wenye ndevu ambao alama ya sindano mkononi waliipata kwake.

Mwaka jana alifariki, tukamzika kwao Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau. Mwaka ukiisha tunajengea kaburi. Fundi hupiga plasta, na kabla simiti haijakauka huandika maneno kwa msumari. Sisi watoto tulitaka yaandikwe haya: "Alipeleka chanjo kwa baiskeli, Voi hadi Kasigau." Lakini mjomba asipokubali, fundi hagusi msumari, na mjomba Thadeus alikataa katakata.

"Peris alisema anaendesha, lakini alikuwa akidandia malori," alisema kwenye kikao cha familia. "Mwanamke peke yake, baiskeli haina gia, kwenye mchanga ule? Mimi ni mzee wa kanisa. Siandiki uongo juu ya kaburi la dada yangu."

Watu walicheka. Nami nilicheka, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Evelyn hakucheka. "Mjomba, baiskeli yake bado iko," alisema. "Siku ya kujengea nitakuja nayo kutoka Voi. Nikifika kabla simiti haijakauka, mtaandika. Nisipofika, mpaache wazi."

Basi Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Yeye mbele juu ya kile chuma kizito cheusi, mimi nyuma na pikapu iliyojaa viti vya wageni na maji ya kunywa. Malori ya Mombasa yalimpigia honi hadi nikachoka kutukana. Maungu alikunywa chai ya rangi, akala mandazi mawili, akaingia vumbini. Penye mchanga alishuka akasukuma, akapanda tena. Nilimwona mgongo umelowa jasho, nikajisemea, huyu si mwalimu niliyemzoea.

Saa tano na nusu tukakuta ndovu. Walikuwa kama kumi na wawili, na watoto wao, wamesimama kando ya barabara wakivunja matawi. Nilimwambia apande pikapu. Akakataa. Nikamfokea kwamba ana watoto watatu nyumbani, na kaburi moja linatutosha. Nikaitupa baiskeli juu ya viti, nikamsukuma ndani, tukapita polepole roho mkononi. Nilisimama kilomita nne mbele. Alishuka, akaketi kwenye jiwe.

"Twende basi, simiti inakauka," nikamwambia.

"Nangoja wapite. Hizo nne sijaziendesha."

"Dada, una wazimu? Nani amekuona?"

"Mjomba ataniuliza. Nitamwangalia vipi usoni?"

Niligombana naye mpaka sauti ikakauka. Karibu saa mbili nzima tulikaa pale. Kundi lilipoingia msituni na kupotelea mbali, akarudi na baiskeli hadi pale nilipombeba, akageuka, akaziendesha zile nne upya. Kwa hiyo akazifanya nane.

Tuliingia Rukanga saa tisa na dakika chache. Wageni walikuwa wameshakula, na ibada ilikuwa imemngoja hadi ikachoka. Fundi Mutiso alikuwa ameifunika plasta kwa magunia mabichi, anayanyunyizia maji kila mara, lakini uso wake ulionyesha kwamba muda umekwisha. Evelyn aliiegemeza baiskeli ukutani. Mjomba Thadeus akamsogelea na fimbo yake.

"Yote umeendesha?"

"Yote, mjomba. Ila penye ndovu Donald alinibeba kilomita nne kwa pikapu. Walipoondoka nilirudi nikaziendesha."

Nilitamani kumziba mdomo. Kwa nini amwambie? Mzee aliangalia vumbi kwenye viatu vya Evelyn.

"Ungeweza kuninyamazia hilo," alisema.

"Ningeweza, mjomba."

Macho ya mzee yalijaa machozi, mbele ya kanisa zima. "Peris naye hakujua kudanganya," akasema. "Hata tukiwa watoto. Mimi ndiye niliyesahau."

Akamnyang'anya Mutiso msumari, akapiga magoti kwa shida. Simiti ilikuwa imeanza kushika, kwa hiyo aliugonga msumari kwa jiwe, akiyaandika maneno yetu herufi moja moja, na hakukubali kusaidiwa. Ilimchukua karibu saa moja. Tulisimama wote juani tukimngoja, na hakuna aliyeketi.