Kofi la Kachero Lubango

Enzi zetu, gazeti la hadithi lilitufikia sisi watoto wa Mkuyuni likiwa limeshasomwa na mtaa mzima na kuchanwa vipande vya kufungia karanga. Magazeti ndiyo yalikuwa yameanza kumiminika kutoka Dar, kila wiki jina jipya, na sisi tulikuwa na ugonjwa mmoja tu: Kachero Lubango! Tulinunua karanga kwa mama yake Doto, tukazimimina mfukoni mwa sketi, halafu tukakunjua karatasi mbio mbio kutazama kama tumepata mwendelezo.

Siku kilipopatikana kipande cha kofi, rede ilivunjika katikati ya mchezo. Lubango alimzaba kofi rafiki yake Sadiki mbele ya abiria wote bandarini, akamwambia, "Sikujui wewe," akapanda meli peke yake. Karatasi ikaishia hapo. Lo! Darasa la tano lilichemka. Mimi nilikuwa kinara wa waliosema Lubango ni msaliti, amepata vyeo amemkana mwenzake. Doto, niliyekaa naye dawati moja tangu la kwanza, akasimama upande wa pili.

"We huoni? Anamkana ili maadui wasimjue!"

Nikamwita mjinga, tena kwa sauti. Akahamia dawati la nyuma. Wiki mbili hatukusemezana, na sikuwa na wa kurudi naye nyumbani. Mama alishangaa: "Mnanuniana kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi, na vyombo viko nje havijaoshwa?"

Jumamosi moja nikaenda kununua karanga. Mama yake Doto hakuwepo. Doto alinipa bila kunitazama usoni. Nilipofika nyumbani nikakunjua karatasi, na moyo ukanilipuka: mwendelezo! Kati ya abiria wale wa bandarini walikuwamo majambazi wakimtafuta yeyote aliye rafiki wa Lubango. Kofi lile ndilo lililomwokoa Sadiki. Niliruka kwa furaha, halafu nikakumbuka kwamba Doto amenishinda. Nikaitia karatasi kwenye jiko la mkaa.

Jumatatu nilimfuata. "Tuyaache, Doto. Hakuna anayejua nani kasema kweli." Akacheka, akarudi dawatini kwangu.

Wanangu leo wanamaliza tamthilia nzima kwa siku moja, na wanabishana juu yake na watu wasiowajua hata sura. Hawajui raha ya hadithi inayonukia karanga, maskini.

Mwaka jana, kwenye harusi moja Buhongwa, niliona nimwungamie Doto. Alicheka mpaka akanishika bega.

"Karatasi zile nilikuwa nazikunja mimi kila jioni, nikizisoma zote. Ile nilikuwekea wewe."

"Sasa mbona hukuipeleka shule?"

"Darasa zima lingekuzomea, mwenzangu."

Nikawatazama wanangu na simu zao mkononi. Wao wangeirusha kwa dunia nzima kabla karanga hazijapoa.