Zipu ya Mgongoni

Saa tano usiku ilipopita bila simu ya binti yake Inès, Générose alizima televisheni akaenda kusimama dirishani. Kutoka ghorofa ya tisa aliliona basi la barabara ya Kipling likisimama, likishusha watu wawili, likiondoka. Inès asingerudi kwa basi. Alikuwa ameondoka alfajiri kwa gari la rafiki yake Taki, mwendo wa saa nne kutoka Toronto hadi Tobermory, kuzamia kwenye merikebu iliyozama huko, na aliahidi kuwa nyumbani saa tatu usiku. Lakini macho yanataka kitu cha kutazama.

Tharcisse, mumewe, alikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo Malton, ambako simu huachwa kabatini. Duka la wapiga mbizi lilikuwa limefungwa. Polisi wa Tobermory walimwambia kwa upole kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa majini. Alishukuru, akakata simu, kisha akajiuliza: haijaripotiwa, au haijatokea?

Générose alizaliwa Uvira, kando ya ziwa, akaishia darasa la nne. Kwao mtu aliingia ziwani kuoga, kuvua au kukimbia vita. Hakuna aliyeshuka chini kwa kupenda. Hapa Toronto alipata kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, na miaka kumi na moja ya kukunja mashuka ilimzoesha kukagua kila kitu mara mbili. Inès alipoanza mambo ya kuzamia, hakumkataza. Alitaka tu aoneshwe kila kifaa, kimoja kimoja.

Basi Inès akavileta vifaa sebuleni. Akamwonesha na video: merikebu ya mbao imelala mchangani, mita sita tu kwenda chini, mbavu zake zote zinahesabika.

"Ina zaidi ya miaka mia humo, mama. Baridi ndiyo inaitunza," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Na wewe baridi itakutunza?"

"Ndiyo maana kuna hili." Akainua vazi zito jeusi lisilopitisha maji. Zipu yake ilipita mgongoni, kutoka bega hadi bega. Anayelivaa hawezi kujifunga. Lazima mwenzake amfungie. Générose aliifunga mwenyewe, akapitisha kidole, akakuta mwishoni imebaki nafasi ndogo. Akavuta tena mpaka ikagota.

"Umeona? Ningekuacha uende hivyo?"

"Mama, wewe ungefaa kwenye boti," Inès akacheka.

Lakini huko Tobermory aliyemfungia zipu ni Taki. Hilo ndilo lililomsimamisha Générose dirishani.

Saa sita alituma ujumbe wa sauti kwa akina mama wa kanisa: Inès hajarudi kutoka majini, simu haipatikani, mniombee. Alitaka maombi tu. Lakini kwa watu wa kwao ujumbe kama huo hauachwi mpaka kukuche. Kabla ya saa saba walikuwa wanne mlangoni, mbele yao Mama Carmel wa jengo la pili, na chupa ya chai na mandazi yamefunikwa kitambaa. Waliimba kwa sauti ya chini ili majirani wasiamke. Ilimtuliza, hakatai.

Kisha wakaanza kusogeza vitu. Meza ikaenda jikoni. Kochi kubwa likasukumwa mpaka likauziba mlango wa kuingilia, sakafu ikawa wazi. Mama Carmel akatoka chumbani kwa Inès akikokota godoro.

Générose akageuka. "Hilo la nini?"

"La kupumzika, Mama Inès. Umesimama tangu jioni."

"Godoro la kupumzika nalijua. Na hili nalijua."

Kwao, mama aliyefiwa huketishwa sakafuni juu ya godoro, na wanawake humzunguka. Akishakaa, amekubali msiba.

"Tunakupenda tu, dada."

"Nipendeni nikiwa nimesimama."

Mmoja wao alitaka kucheka, akajiziba mdomo. Mama Carmel hakucheka. Ziwa lilimchukulia kaka wawili, na alijua miguu hukataa saa ngapi.

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka kwenye zulia."

Mama Carmel akaliegemeza godoro ukutani. Chumbani hakulirudisha.

Usiku ukaenda. Wanawake wakasinzia wameegemeana. Générose alibaki akipitia vifaa kichwani: mtungi wa hewa, kipimo chake, glovu, kofia. Kila mara aliishia kwenye zipu.

Saa kumi na moja na nusu, mbingu juu ya maghala ikianza kupauka, ufunguo uligeuka. Mlango ukafunguka upana wa kidole, ukagonga kochi.

"Mama? Kuna nini hapa? Mlango hauendi."

Wanawake wote waliamka. Générose alikwisha kufika kwenye kochi, na kilichomtoka si kile alichokipanga usiku kucha.

"Zipu ilifungwa mpaka mwisho?"

"Yangu ndiyo." Inès alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho nyumbani walikisikia kwa nadra. "Nilimwambia Taki avute tena, kama wewe. Ya Taki nilifunga mimi. Sikupitisha kidole."

"Ehe?"

"Maji yaliingia. Baridi ikamkamata tukiwa chini, nikampandisha. Nimekaa naye hospitali mpaka akapata joto. Hajambo, mama, kesho wanamwachia. Simu yangu ilianguka majini, na namba yako siijui kwa kichwa." Sauti ikapungua. "Umekasirika?"

Générose aliinama akashika kochi. Halikusogea; ndipo alipousikia uchovu wa kusimama usiku kucha. Nyuma yake godoro lilianguka sakafuni kwa kishindo, maana Mama Carmel alikuwa amelisukuma apite. Akashika upande wa pili.

"Inua, usikokote," alinong'ona. "Mtalipishwa sakafu hii."

Wakainua pamoja, na mlango ukafunguka.