Kishikwambi Kimoja, Mikono Minne: Kutoka Bukoba hadi Kampala

Tuliondoka Bukoba kwa sababu kompyuta yetu ilikufa. Mimi na mdogo wangu wa kike, Koku, tulikuwa tukiitumia kwa zamu: yeye kuchora, mimi kutengeneza muziki. Ilikufa wiki ileile ambayo mama mmoja wa Mwanza, anayetengeneza hadithi za watoto za kutazama kwenye simu, alituandikia kwamba amependa kazi zetu na anaomba mfano: hadithi moja fupi, picha za Koku, muziki wangu. Akaongeza kwa upole kwamba kama hatutaweza vyote viwili, kazi atawapa watu wengine. Ama tuingie wawili, ama tusiingie kabisa.

Uwezo wetu ulikuwa wa kishikwambi kimoja, tena kilichokwisha kutumika. Bukoba nilivyoviona vilikuwa vya kutazamia video. Kuagiza Dar es Salaam ni kulipia kitu ambacho mkono wako haujakigusa. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni hadi macho yakauma, nikagundua kwamba wengi wanaosifu ndio haohao wanaouza. Kampala iko karibu zaidi, na huko, tuliambiwa, mtu hugusa kwanza.

“Wewe hata ukigusa hutaamini,” Koku aliniambia akifunga begi.

Mutukula, asubuhi. Afisa wa mpakani, upande wa Uganda, alituuliza tunakwenda kufanya nini. Nikasema kununua kishikwambi.

“Kwenu hakuna?”

“Vipo, afande. Hatuviamini.”

“Huyu haniamini hata mimi, na tumezaliwa nyumba moja,” Koku akadakia. Afisa akacheka, akagonga mihuri, akatutakia safari njema.

Kuanzia hapo barabara ilipita katikati ya migomba, nikawa naona kama sijatoka nyumbani, isipokuwa maandishi ya madukani yalikuwa ya Kiganda. Masaka tulinunua ndizi za kuchoma dirishani. Tulipofika Kayabwe, mahali Ikweta inapokatiza barabara, basi lilipunguza mwendo. Watalii walikuwa wamemzunguka kijana aliyekuwa akiwaonyesha jinsi maji yanavyozunguka kwenda kushoto upande huu wa mstari, na kulia upande wa pili, hatua chache tu kutoka hapo. Nikamweleza Koku kwamba ule ni mchezo wa mikono, kwamba umbali ule hauwezi kubadili chochote kwenye beseni. Akaniuliza kama ninaweza kupumzika japo hadi Mpigi.

Kampala, alasiri. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Hadija wa Kamwokya, Mnubi, mjane wa dereva wa lori aliyekuwa akipakia mizigo ya meli pamoja na baba yetu kule bandari ya Port Bell. Alitupokea kwa Kiswahili kizuri kuliko changu na kwa sinia lililofunikwa kawa alilolisuka mwenyewe, la rangi nyekundu, zambarau na kijani. Koku aliliangalia kawa lile hadi chakula kikapoa.

“Mwanangu, kinacholika kiko chini yake,” Mama Hadija akamwambia.

Asubuhi iliyofuata tulishuka mjini, kwenye jengo la ghorofa nne lililojaa vibanda vya vioo, kila kimoja kina simu na kompyuta. Mimi nilikuwa na mpango. Tutazunguka maduka matatu yasiyo jirani, tulinganishe, kisha tuamue.

Duka la kwanza, ghorofa ya chini, muuzaji alitusikiliza kwa makini. Kishikwambi chenye kalamu inayotofautisha mkandamizo mwepesi na mzito, kinachoweza pia kurekodi muziki. “Iko, ssebo,” akaniita bwana kwa Kiganda. “Ngoja kidogo.” Alipiga simu, na baada ya muda akaletewa kimoja: rangi ya kijivu, kona moja imebonyea, mgongoni kuna nusu ya stika ya samaki wa manjano. Koku alikishika mara moja kama mtu aliyekutana na rafiki. Nikamwomba muuzaji atusubiri, nikamvuta dada yangu.

Duka la pili, ghorofa ya pili. “Iko, nnyabo,” huyu akamwita Koku bibi. “Tunaleta sasa hivi.” Kikaja cha kijivu, kona imebonyea, nusu ya samaki wa manjano. Bei ilikuwa imepanda.

Koku aliniangalia. Mimi nikajikaza, nikasema labda ni aina iliyoletwa nchini kwa wingi.

“Na samaki je? Nao waliletwa kwa wingi?”

Duka la tatu, mwisho kabisa wa ujia, samaki wetu alitukuta kabla hatujamaliza kuketi. Koku alicheka hadi akaegemea kioo. Mimi sikucheka. Nilishaona njama nzima: wauzaji wamepigiana simu, wametuona wageni, wanatupandishia bei kwa kupokezana. Badala ya kuondoka, nilimwuliza yule aliyekileta anakitoa wapi. Akaonyesha juu kwa kidevu, bila kuona haya hata kidogo. “Kwa Nalongo.”

Tukamfuata. Ghorofa ya juu kabisa, karibu na ngazi, palikuwa na kibanda chembamba, na ndani yake mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nalongo ni jina la heshima la mama aliyezaa pacha. Kila mtu alimwita hivyo, nasi tukamwita hivyo.

Nikamwuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya utulivu, kwa nini kishikwambi kimoja kinauzwa na watu watatu.

“Sasa shida iko wapi?” akasema. “Mteja akiuliza, hapa hakuna mtu anasema hakuna. Ukisema hakuna, anaenda jengo ingine. Kama iko kwa jirani, iko kwako. Unachukua, unauza, unaongeza yako kidogo. Kesho mimi nachukua kwake.”

“Lakini mteja anadhani analinganisha.”

“Wewe ulikuwa unalinganisha nini? Wote mnauliza bei tu. Hakuna anauliza hii ni ya nani.” Akamgeukia Koku. “Huyu kaka yako ni wakili?”

“Angekuwa wakili angelipwa, Nalongo.”

Nalongo alitupa viti viwili na ruhusa ya kujaribu tunavyotaka. Ndipo safari ilipogeuka ngumu.

Koku hutumia mkono wa kushoto, na huchora akiwa ameegemeza kiganja chote kwenye kioo. Kwenye vishikwambi vya bei nafuu kiganja huacha michirizi, au hufunga ukurasa. Kwenye kile cha samaki alichora kawa la Mama Hadija kwa kumbukumbu, duara ndani ya duara. Hakuna mchirizi hata mmoja. Mstari ulinenepa alipokandamiza na kukonda alipoachia. Nilimwona akisahau kwamba tuko dukani.

Kisha ikawa zamu yangu. Kwenye kilekile nikafungua programu ya muziki, nikagonga ngoma kwenye kioo. Sauti ilichelewa nyuma ya kidole changu. Si kwa muda mrefu, lakini kwa anayepiga ngoma, muda huo ni shimo. Nikavuta kasi, nikapotea kabisa. Nalongo akatoa kingine, cha bei ileile. Hapo sauti ilikuwa papo kwa papo, hadi nikatabasamu. Koku akaweka kiganja chake, ukurasa ukaruka. Kalamu yake haikujua tofauti ya kukandamiza na kugusa.

Kimoja chake, kimoja changu. Tukamwomba Nalongo atuwekee vyote viwili hadi kesho.

Jioni, uani kwa Mama Hadija, tuligombana, ila kinyumenyume.

“Tuchukue cha muziki,” Koku alisema. “Mimi nitachora kwenye karatasi, nitapiga picha.”

“Picha zenye kivuli cha simu? Yule mama atazikataa. Tuchukue cha kuchorea, mimi nitatafuta mtu wa kunisaidia muziki.”

“Huyo mtu ndiye atakayepewa kazi, kaka. Unajua.”

Nilijua. Serge, mpangaji wa Mama Hadija, alikuwa kwenye ngazi akibadilisha nyuzi za gitaa. Ni Mkongo wa Bukavu, anarekodi nyimbo za watu kwenye chumba chake kilichozibwa kwa magodoro.

“Nyinyi bawili munanichekesha,” akasema. “Kila mutu anataka kuzikwa mbele ya mwenzake. Sasa wewe, muziki yako yote unapigaka kwenye kioo? Hauna chombo?”

Nikamwambia tangu nipate kompyuta sikushika kitu kingine. Akaniuliza: kama kioo kinachelewa, nikirekodi chombo halisi, rekodi nayo itachelewa?

Nikamrudishia swali. Alisema yeye husikia tu kama inakaa vizuri, isipokaa anarudia. Mimi siwezi kuishi na jibu kama hilo, na safari hii ubishi wangu ukapata kazi ya kufanya. Rekodi itachelewa pia, nilijiambia. Lakini je, huchelewa kwa kiasi kilekile kila mara, au hubadilika?

Kesho yake Serge alikuja nasi na gitaa lake. Kibanda cha Nalongo kilijaa. Kwenye cha kuchorea niliweka mdundo wa kuhesabia, nikapiga makofi juu yake, nikarekodi. Kweli, makofi yalikaa nyuma ya mdundo. Nikarudia. Nikarudia tena, mara haraka, mara polepole, huku wateja wakisimama mlangoni kutazama mtu mzima akijipigia makofi.

“Huyu ananunua au anasali?” mmoja akauliza.

Nikakuza picha ya sauti kwenye kioo, nikapima kwa kalamu ya Koku. Pengo lilikuwa lilelile kila mara. Nikayashika makofi yote, nikayasogeza kwa kidole yawahi kidogo. Yakaangukia juu ya mdundo kama yalivyopigwa. Serge akapiga gitaa mistari minne, nikaisogeza kwa kiasi hichohicho. Ikakaa. Nalongo akaanza kutikisa bega.

“Cha samaki,” Koku akasema.

“Cha samaki,” nikasema.

Tulirudi kwa barabara ileile siku iliyofuata. Serge alikuwa amenifundisha mikao mitatu ya gitaa, na Bukoba jirani yetu ana gitaa la kanisa asilolipiga siku za kazi, nami huliazima. Nimejifunza kwamba kushuku wauzaji ni rahisi. Niliwashuku watatu na nilichogundua ni kwamba wanasaidiana. Swali lililotufaa lilikuwa lingine: si kipi ni bora, bali kasoro ya hiki ni ya aina gani. Kasoro inayobadilikabadilika hukushinda. Isiyobadilika unaizoea, unaipima, unaisogeza kwa kidole, unaendelea na kazi.

Ukurasa wa kwanza tumeutuma Mwanza. Jibu lilikuja jana: mama yule ameuliza nani anapiga gitaa, na kama tunaweza kumaliza hadithi nzima. Koku amemjibu kwamba tunaweza, kabla sijapata nafasi ya kuuliza maswali.