Ng'ombe Wekundu wa Korongoni

Ami yangu, nduguye babangu, alikuwa mchora vibao. Vibao vingi vya maduka ya mtaa wetu wa Kuze, na baadhi ya vile vya Makupa, vimetoka mkononi mwake. Alisikia redioni habari za michoro ya kale kwenye korongo moja kaskazini, mbali kupita Isiolo, akaniomba nimpeleke.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, sisi wawili, kwa gari langu. Tulilala njiani mara mbili. Lami ilipokwisha tukaendesha kwenye changarawe asubuhi nzima. Ami hakulalamika, ila kila mara aliuliza tumefika wapi, nami nikadhani amechoka.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyefuga mbuzi karibu na korongo, alitupa chai ya maziwa kisha akatutangulia. Kwenye mawe ami alinishika mkono kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Tulipofika chini ya mwamba, yule mama akanyoosha fimbo. Ng'ombe wa kuchorwa walikuwa kwenye ukuta wa kulia, kumi na kitu, wekundu, pembe ndefu.

Ami alikuwa amegeukia kushoto, kwenye jiwe tupu.

"Mashaallah," akasema. "Kazi safi."

Mimi na yule mama tukatazamana. Kisha akasema taratibu, "Mzee, wako upande huu."



"Tangu lini, ami?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Vibao vya mwisho nilivichora kwa mazoea. Na Kuze naijua kwa miguu, mwanangu."

Kugusa mwamba kulikatazwa, kwa hiyo nilimshika kiganja nikakipitisha hewani, shubiri moja kutoka ukutani, nikifuata mgongo wa ng'ombe mkubwa. Akarudia mwenyewe, mara tatu.

"Mstari una kiungo, pale mkono ulipoanza upya?" akauliza.

Nikasogea nikatazama. "Hauna."

"Basi aliyechora hakuinua mkono. Pumzi moja, kutoka shingo hadi mkia." Akacheka kidogo. "Mimi ningepumzika mara mbili."

Tuliporudi nilimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto halikuwa na tiba tena. La kulia lilipasuliwa, na sasa anasoma gazeti akilisogeza karibu. Kuchora ameacha.

Juzi nilimuuliza kama turudi kwa yule mama akawatazame wale ng'ombe, maadamu sasa anaona. Akasema hana haja, na tena chai ya kule ina maziwa mengi mno.