Mguu wa Mama na Udongo Aliochota Mama Atilio

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, wa kutumwa moto kwa jirani, mwaka ule mguu wa kulia wa mama yangu ulipoingiwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua jina. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Tulikaa katika kijiji kimoja si mbali na Rujewa, sisi wageni tuliokwisha kuzoeleka: baba Mbena aliyeshuka kutoka milimani kufuata mpunga, na mama aliyemfuata akiwa na jembe lake na kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Ilianza wakati wa kupandikiza. Aliyewahi kupandikiza mpunga anajua kazi ile, unainama asubuhi na ukija kunyooka jua liko utosini. Siku hiyo mama aliinama na miche mkononi, akataka kunyooka, akashindwa. Alitoa sauti moja fupi kama mtu aliyechomwa mwiba, akakaa chini palepale ndani ya maji. Baba alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na miche ikabaki ikielea.

Maumivu yalianzia kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja, yakapita shavu la mguu mpaka kidole kidogo. Mama alikuwa akituonyesha njia hiyo kwa kidole.

"Yanapita hapa, na hapa, na hapa. Kama mtu anavuta uzi wa moto."

Tulitazama mguu. Haukuwa na jeraha, haukuvimba, haukubadilika rangi. Nadhani hilo ndilo lililoanza kuwatia watu mashaka. Kidonda hakimchongei mtu, kila mmoja anakiona. Lakini maumivu yasiyo na alama, walisema kwetu, yana mwenyewe.

Mama hakuweza kukaa. Alikula amesimama, ameegemea mwimo wa mlango. Alilala ubavu, goti limekunjwa, na jiwe lililopashwa moto na kufungwa kitambaa likiwa limebanwa kiunoni. Akipiga chafya, machozi yanamtoka. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya kiuno chake na kukanyaga polepole, mikono yangu ikishika ukuta, huku yeye akiniongoza: "Hapo. Hapana, chini kidogo. Hapo hapo, usishuke." Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimwongezea.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Atilio. Alikuwa mjane, Mhehe wa kutoka Idodi, na mwanawe huyo Atilio alikuwa amekwenda kukata mkonge mashamba ya mbali, hajarudi wala hajaleta habari. Yeye na mama walikuwa wakipandikiza pamoja, leo shamba hili, kesho lile. Mama alipougua, ndiye aliyemaliza kupandikiza robo ya shamba letu bila kuombwa. Alikuja pia na majani ya maboga, akapika, akaondoka bila kukaa. Wakati ule huku kutokukaa kwake hakuna aliyekuona. Baadaye kila mtu alikukumbuka.

Wiki ya tatu baba alimleta mganga kutoka Ubaruku. Alikuja asubuhi kwa baiskeli, amevaa koti zito wakati sisi tunatoka jasho. Baba alikuwa mkristo wa kuhesabiwa kanisani, na mwinjilisti alipopita na kuuliza mgeni ni nani, nilimsikia akijibu kwamba ni mtu wa kununua mbuzi. Hatukuwa na mbuzi hata mmoja.

Mganga hakuushika mguu wa mama. Aliutazama tu kwa muda mrefu, akatikisa maji kwenye kibuyu, akasema:

"Mguu huu umeshikwa. Aliyeushika hakutoka mbali. Amemchukua mama huyu kwa unyayo."

Halafu akatugeukia mmoja mmoja, baba, kaka yangu, mimi.

"Nani kati yenu alimwona mtu akiokota kitu alipopita mama yenu?"

Nami nilikuwa nimeona. Kabla ya kupandikiza, mvua za kwanza ziliponyesha, nilikuwa nikimfuata mama nyuma na kikapu. Njia yetu ilipita kando ya kichuguu kikubwa, na mvua ilikuwa imekimomonyoa kidogo, udongo mwekundu umemwagikia njiani. Mama alipita juu yake. Nilichelewa nikitoa mwiba mguuni, nikamwona Mama Atilio akitokea upande wa pili, akatazama huku na huku, akainama, akachota udongo ule ule, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Aliponiona alishtuka. Alicheka kidogo, akapita. Sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu sikuona kuwa ni habari.

"Mimi nilimwona Mama Atilio," nikasema. "Alichota udongo mama alipokanyaga."

Nitasema ukweli: nilijisikia mkubwa. Watu wazima watatu walikuwa wameshindwa, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Mama peke yake alifumba macho akasema, "Mwacheni mama wa watu," lakini aliyasema polepole, na hakuyarudia.

Baba alimwita. Alikuja akipangusa mikono, akatusalimia, "Kamwene," akaona jinsi tulivyoitikia, akasimama mlangoni.

"Mama Atilio," baba alisema, "mtoto anasema ulichota udongo njiani, mke wangu alipopita. Ni kweli?"

Alinitazama. Nilitazama chini.

"Ni kweli, baba. Nilichota."

"Wa nini?"

"Wa matumizi yangu."

"Matumizi gani?" aliuliza mganga.

Alimtazama mganga, akamtazama baba, akamtazama kaka yangu aliyekuwa kijana wa kuota ndevu, halafu akainamisha kichwa. Nakumbuka nilimwombea kimoyomoyo aseme neno lolote, hata la uongo, aseme wa kukandika jiko. Hakusema. Kwa watu waliokuwa mle ndani, kule kunyamaza kulitosha.

Mganga akaagiza maji yaletwe katika kata. Mama Atilio alitakiwa ayatie kinywani na kuyatema juu ya mguu wa mama, akisema kwamba kama kuna neno moyoni mwake, limetoka. Alifanya hivyo. Alipiga magoti, akayatema maji taratibu, akayapangusa kwa kiganja chake kuanzia pajani mpaka kidoleni, kama mtu anayemwogesha mtoto. "Kama nina neno nawe, dada yangu, limetoka," alisema. Mganga akamchanja mama chale kiunoni na kifundoni, akapaka dawa nyeusi, akaondoka na baiskeli yake.

Mama hakupona. Laiti angepata nafuu hata ya siku tatu, pengine yangeishia hapo. Lakini kesho yake maumivu yalizidi, na maneno yakazidi pamoja nayo. Wakasema maji aliyatema kwa moyo mgumu. Wakakumbuka ndama wa fulani aliyekufa mwaka aliohamia. Wakakumbuka kwamba hakuna aliyejua mumewe alikufa kwa nini. Wanawake waliokuwa wakipandikiza naye wakapata kila mmoja udhuru wake. Mimi nilikatazwa kwenda kwake kuomba moto. Nilipomwona njiani, nilikuwa nakanyaga majanini nisiache alama ya mguu.

Asubuhi moja aliondoka. Nilikuwa nyuma ya ghala nikifukuza kuku, nikamwona anapita na mzigo kichwani, sufuria moja mkononi, kuelekea barabara ya Iringa. Hakuna aliyemsindikiza. Alinyoosha shingo kutazama uani kwetu, nami nikachutama.

Siku nne baadaye lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini lilikuja kuchukua mpunga, na baba akamwomba dereva atupelekee mama hospitali, upande wa Mbeya. Mama alilala juu ya magunia, mimi nikamshika kichwa. Kila shimo la barabara lilimpitia mguuni.

Daktari alimlaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka, na mama akapiga kelele ambayo mganga hakuwahi kuisikia. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona alichokitegemea. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, Mnyakyusa mmoja mwenye sauti ya upole, akatutafsiria: kuna mshipa mkubwa unaotoka kiunoni kwenda mpaka kidoleni, nao umebanwa kwenye uti wa mgongo, pengine kwa kuinama na kubeba. Atapewa vidonge vya maumivu, sindano za kuutia mshipa nguvu, na alale kwenye ubao mgumu.

Mama alikubali yote mpaka alipoiona sindano. Dawa ndani ya bomba ilikuwa nyekundu, nyekundu safi ya kung'aa. Akavuta mguu wake pamoja na maumivu yake yote.

"Hiyo ni damu ya nani?"

"Si damu, mama. Ni dawa. Rangi yake ndiyo hiyo."

"Dawa gani ina rangi ya damu? Mimi si mtoto."

Nyakati hizo habari za mumiani zilikuwa zikisimuliwa kila mahali, watu wanaonyonywa damu ikapelekwa kusikojulikana. Mama alimtazama dresa vilevile kama watu walivyomtazama Mama Atilio. Dresa hakukasirika. Alitoa tone moja kwenye kiganja chake, akalilamba mbele yetu, akasema, "Sasa tuko wawili." Mama akageuka ukutani, akatoa nyonga.

Tulirudi nyumbani na vidonge vyeupe ndani ya karatasi. Siku za kwanza alivificha chini ya mkeka, nami nilivikuta nikifagia. "Sijui vimetengenezwa na nini," aliniambia, "usimwambie baba yako." Nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuona kinachotokea mtu akisema. Lakini siku moja ya mvua, maumivu yakiwa yamemfikisha mahali pa kuuma kanga, alikimeza kimoja, kisha akaendelea. Alilala kwenye mlango wa zamani baba alioung'oa ghalani. Polepole, kwa kitu kama miezi miwili, ule uzi wa moto ukafupika: ukaishia kifundoni, kisha gotini, kisha ukabaki kiunoni kama jirani mkorofi aliyenyamaza.

Kijijini hakuna aliyeuliza habari za vidonge. "Si mnaona?" walisema. "Alipoondoka yule, na mguu ukaachiliwa." Nami niliamini. Niliamini kwa miaka minane.

Nilikuwa nasoma Iringa mjini nilipomwona Mama Atilio sokoni, nyuma ya fungu la njegere. Alikuwa amenenepa kidogo. Pembeni yake palikaa msichana wa miaka kama minane, akimenya njegere na kuzila. Nilitaka kupita, akaniita kwa jina langu.

"Rehema. Mama yako hajambo? Mguu wake?"

Sikutegemea aanze na mguu. Nikamwambia ulipona. Akasema, "Namshukuru Mungu," na nikamtazama usoni nikitafuta unafiki, sikuuona. Kisha macho yangu yakaenda kwa yule msichana, yakakaa. Mama Atilio ndiye aliyesema kabla yangu.

"Unahesabu miaka," alisema. "Hesabu, mwanangu. Ndiye huyu. Mimba yake ilinitamanisha udongo, na udongo uliolowa mvua ndio mbaya zaidi, harufu yake inakuvuta kama kamba. Mimi mjane wa miaka mitatu. Ningesema nini mbele ya baba yako na kaka yako na yule mwenye koti?"

Niliomba msamaha. Nilikuwa na miaka kumi na saba na maneno yalinitoka vibaya.

"Wewe hukusema uongo," alinijibu. "Ulisema ulichokiona." Akanifungia njegere kwenye gazeti, akakataa malipo, na jinsi alivyokataa ilinifanya nijue kwamba hakuwa amesahau lolote.

Likizo ilipofika nilimweleza mama. Alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Lakini mguu uliacha kuuma alipoondoka," akasema.

"Na sindano je, mama? Na vidonge? Na ule ubao?"

"Navyo pia." Akapeperusha pumba. "Sijui, Rehema. Wewe unajua?"

Hatukulizungumza tena, na alikufa miaka mingi baadaye bila kuonyesha kwamba amebadili mawazo, ingawa kila nilipotoka Iringa aliniuliza kama nimepita sokoni.

Sasa mimi ni bibi, na mshipa uleule umenibana mguu wa kushoto. Daktari amenionyesha kwenye picha pingili mbili za mgongo zilivyokaribiana. Ameniandikia vidonge vya mishipa ya fahamu vinavyonikausha kinywa na kunizungusha kichwa asubuhi, na ameniambia nisivikatize. Navimeza. Najua kila kitu ambacho mama yangu hakukijua.

Na bado, mwezi uliopita, maumivu yalipokuwa makali hata nikashindwa kuvaa kiatu, nilijikuta nimelala pale nikifikiri nani alikuja kunisalimu wiki ile, nani alikataa chai yangu, nani alinitazama sana mguu. Nilikuwa nimefikia jina la tatu nilipojishtukia. Niliona aibu, peke yangu chumbani, mwanamke aliyefundisha watoto sayansi miaka thelathini.

Zamani nilikuwa nikijiambia kwamba walimfukuza Mama Atilio kwa sababu ya ujinga. Siku hizi sisemi hivyo. Nasema tulikuwa na mgonjwa tuliyempenda, tusiyejua la kumfanyia, na ni rahisi kumpata mtu wa kulaumu kuliko kukaa na mgonjwa bila kujua. Siku ile alihitajika mtu, na mimi ndiye niliyewapa.