Mzee Akitafsiri Steringi

Kwetu Bungoma mtu akitaka kuoa hutuma wazee. Mimi nilipotaka kuoa Kampala nilituma diski za filamu. Haikuwa akili yangu. Mchumba wangu, msichana aliyekulia nyuma ya kambi ya jeshi ya Makindye, aliniambia wazi kwamba baba yake hapendi wajumbe, hapendi zawadi za mapema, na kwa jumla hapendi Wakenya. Ila Jumapili baada ya ibada hukaa mbele ya televisheni, na akishakaa pale hamfukuzi mtu.

"Wewe kuja na filamu ya kupigana," aliniambia. "Kaa chini, usiongee sana kama Mukenya. Akizoea uso yako, utamuuliza."

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nikainama, nikaenda kununua diski.

Mwuza diski wa Kansanga, pale kando ya barabara ya Ggaba, alikuwa nazo za aina mbili. Kulikuwa na zile za Kiingereza kama zilivyotoka kwa wenyewe, na kulikuwa na zile zilizotiwa sauti ya mtafsiri wa Kiganda, ambaye hapa wanamwita viijei. Viijei hatafsiri tu. Yeye ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mama wa steringi na mbwa wa nyumbani, na filamu ikinyamaza kidogo yeye huwasalimia majirani zake. Sauti ya Kiingereza inabaki huko chini ikinong'ona kama mgonjwa.

Nikapiga hesabu zangu za kisomi. Mzee huyu, nilijiambia, ameishi Kampala miaka na miaka. Kiganda lazima anakijua kama mfuko wa suruali yake. Nikimpelekea Kiingereza ataona namdharau. Mimi mwenyewe nilikuwa na Kiganda cha kununulia nyanya na kushukuru, lakini nani anaoa kwa raha zake? Nikabeba ya viijei.

Mzee alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Kaskazini. Kifua chake kilikuwa bado kwenye gwaride ingawa magoti yalikwisha kustaafu. Alinipokea kwa "karibu" moja fupi, akaniangalia viatu, akaichukua diski na kuifuta kwa shati lake. Tukakaa. Televisheni ilikuwa ile yenye kisogo kirefu, imevishwa kitambaa cha kufuma. Mchumba wangu alituletea viazi vitamu na odii, ule uji mzito wa karanga na simsim wa kupaka, akarudi jikoni, na mlango wa jikoni ukaachwa wazi.

Filamu yenyewe ilihusu bwana mmoja mwenye nguvu za ajabu na joho la kijani. Aliruka, akapiga, akarushwa ukutani, akainuka. Viijei alibwata kwa mwendo wa bunduki. Mzee akicheka, na mimi nacheka, nimechelewa kidogo tu. Sikuelewa hata neno moja, na adabu ikanituma niseme kitu.

"Mzee, hapo amesema nini?"

Alinitazama. Akakitazama kioo kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo lililo mbali.

"Anasema," alijibu, "hii adui ni mutu alikula na yeye sahani moja."

Loo! Nikaona filamu imepata uzito. Tangu siku ile Mzee akawa mtafsiri wa mtafsiri, na mimi nikawa mwanafunzi mtiifu wa sinema. Kila Jumapili nilipanda kilima cha Makindye na diski mpya mkononi na swali langu la ndoa mfukoni, na kila Jumapili swali lilirudi Kansanga, nilikopanga, nalo bado zima, halijaguswa.

Si kwamba hatukuongea. Tuliongea kupita kiasi. Mzee alikuwa na maoni juu ya kila shujaa aliyewahi kuvaa nguo za kubana, na hakuna hata mmoja aliyepita mtihani wake.

"Hii shuka kwa mugongo ni ya kazi gani?" aliuliza. "Porini mwiba inashika, adui inafika, kwisha."

"Lakini Mzee, risasi hazimwingii."

"Leo haiingii. Kesho?"

Shujaa mwingine aliangusha nusu ya mji ili kumkamata mwizi mmoja wa benki, na Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Nani nafagia?" aliuliza. "Hii yote, nani nafagia?" Mimi kwa upande wangu nilikuwa na ugomvi na maadui. Adui ameshamfunga steringi kamba, bunduki iko mkononi, na badala ya kumaliza kazi anaanza hotuba kama mgeni rasmi kwenye sherehe ya shule. Mzee alinikubalia, akasema maadui wa kweli hawana maneno mengi. Kwa sifa ile nilishiba wiki nzima.

Siku nilizoleta filamu za kifamilia, kwa kuhofia asije akaniona mtu wa vurugu, tulimtazama mbwa aliyeongea Kiganda kizuri kuliko changu. Hata mbwa yule, kwa tafsiri ya Mzee, alikuwa na mambo mazito. Alikuwa akimtunza mtoto ambaye si wake. Mwenye mtoto alikuwa kaka yake mkubwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza maswali. Mbwa na kaka mkubwa mwenye mtoto? Lakini mimi nilikuwa mchumba, na mchumba hana akili za kutosha kugawia mambo mawili. Niliona tu kwamba filamu za siku hizi zimefanana. Wiki hii bwana wa joho la kijani alikuwa na kaka, wote askari, jeshi lao limeshindwa na watu wanakimbilia Kaskazini. Wiki iliyofuata palikuwa na mwanamke anayetoa moto mikononi, na Mzee akanieleza kwamba nyuma yake wapo ndugu wawili, wametembea kwa miguu, mkubwa amebeba mtoto ndani ya koti la jeshi. Wiki nyingine ndugu wale walifika kwenye daraja kubwa. "Maji inapiga kelele," alisema Mzee, "mpaka hausikii mutu ya karibu." Nilitafuta maji kwenye kioo. Niliona ghorofa na magari yanayolipuka. Nikadhani maji yalipita wakati napaka odii kwenye kiazi.

Kama kawaida ya Mkenya, sikuweza kukaa na elimu yangu kimya. Nilikuwa muuzaji katika kiwanda cha rangi karibu na Bugolobi, na mchana tulikula pamoja kwa mama mmoja wa matoke, sisi na vijana wa Kiganda waliokuwa wameziona filamu zote kabla yangu. Siku hiyo wakawa wanabishana kama bwana wa joho la kijani anaweza kumshinda yule mama wa moto. Nikafuta mdomo, nikawaambia kwa utulivu wa profesa kwamba wamekosa kiini cha jambo. Yule bwana, nikawafahamisha, hapigani kwa ajili ya mji. Anapigana kwa sababu ya kaka yake aliyebeba mtoto mpaka darajani.

Wakacheka mpaka mama wa matoke akaja kuuliza nani amekabwa. "Kaka gani?" mmoja wao alisema akijifuta machozi. "Ile filamu haina kaka, haina daraja, haina mutoto! Nani alikuambia?" Nikawaambia nimeona kwa macho yangu, jambo lililokuwa kweli na lisilonisaidia. Wiki nzima nilipopita walikuwa wananiuliza habari za kaka.

Basi nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Mzee hakujua Kiganda! Alikuwa ameishi na kikosi, kambini Kiswahili, nyumbani Kiacholi, na Kiganda chake kilikuwa cha nyanya kama changu. Alikuwa akibuni ili asiaibike mbele ya mgeni, na mimi nilikuwa nikimtesa kwa kuuliza. Nilimwonea huruma kweli. Jumapili iliyofuata, kwa moyo safi wa mkwe mtarajiwa mwenye busara, nikanunua filamu ya Kiingereza tupu, yenye maandishi chini, ili maskini apumzike.

Sijawahi kukaa katika mchana mrefu kama ule. Mzee alisikiliza Kiingereza dakika chache, akakunja mikono, akanyamaza. Nilimuuliza anaonaje yule steringi mpya mwenye mabawa ya chuma. "Muzuri," alisema. Nikamuuliza kama mabawa yale yangefaa vitani. "Labda," alisema. Hata mji ulipoanguka hakuuliza nani anafagia. Filamu ilipoisha aliinuka akaenda kuwaangalia kuku wake, na mimi na swali langu tukaachiwa kitambaa cha kufuma.

Mchumba wangu alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

"Nani alikutuma ulete Kizungu?"

"Nilitaka kumsaidia. Baba hajui Kiganda. Anabuni yote yale."

"Mimi iko najua Kiganda," alisema. "Nimesoma na Waganda tangu shule ya nasari. Kila Jumapili nasikia viijei na nasikia baba. Unafikiri sijui hiyo si filamu?"

Nikasimama. Akaniambia pale kando ya barabara, bila kunitazama, kwamba Mzee si baba yake mzazi. Ni mdogo wa baba yake. Hilo alilijua tangu utoto, na kwamba baadaye jeshi jipya lilimchukua tena likamleta Makindye, na zaidi ya hapo hakujua kitu. Kila alipouliza wazazi wake walipotelea wapi ule mwaka wa themanini na sita, serikali ilipopinduliwa, Mzee alijibu kwamba kuku hawajala. Alipokuwa mkubwa akaacha kuuliza. Kisha nikaja mimi na ujinga wangu na diski zangu, nikamuuliza mzee amesema nini hapo, na yeye akiwa jikoni na mwiko mkononi akasikia kwa mara ya kwanza kwamba alibebwa ndani ya koti.

"Alikuwa amefika Karuma," alisema. "Amefika kwa daraja. Leo angesema nini ilitokea. Wewe ukaleta Kizungu."

Wiki ile sikulala vizuri, na si kwa ajili ya harusi. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya mchumba wangu. Niliogopa kwamba mlango ule nilioufungua bila kujua nimeufunga kwa wema wangu, na wema hauna dawa. Jumamosi nikamwomba mwuza diski anipe filamu yenye viijei mwenye kelele kuliko wote Kampala. Hakuniuliza kwa nini.

Mzee aliipokea diski, akaifuta, akaiweka. Ilikuwa ya watu watatu wenye nguvu za ajabu na jitu la mawe. Viijei akaanza kubwata. Nilingoja nusu saa nzima huku nikijing'ata ulimi, maana hakusema kitu, hata shuka za mgongoni hazikumkera. Kisha jitu la mawe likainua basi, na mimi nikauliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu sawasawa.

"Mzee, hapo anasema nini?"

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Hii mukubwa," alisema Mzee hatimaye, akilielekezea kidole jitu la mawe, "anasema, ndugu yangu, shika mutoto. Bibi yangu, mama ya mutoto, amebaki nyuma, naenda kumuchukua. Kesho kutwa tunakutana hapa kwa daraja."

"Na huyu mdogo anasema nini?"

"Anasema sawa. Ni mukubwa wake. Atasema nini?"

Mchumba wangu alitoka jikoni. Hakuketi kwenye kiti, alikaa chini kwenye mkeka karibu na magoti ya Mzee, akakitazama kioo kama sisi. Mzee hakumgeukia. Aliendelea kutafsiri huku majumba yakianguka na viijei akipiga mayowe. Yule mdogo alingoja darajani mpaka askari wengine wakamwambia watu wanakuja, ondoka. Mtoto alikuwa analia, akampa kipande cha muhogo anyonye. Akangoja tena. Halafu akavuka.

"Baba," mchumba wangu aliuliza taratibu, "mukubwa alimupata bibi yake?"

"Hii filamu haionyeshi," alisema Mzee. "Mimi natazama kila siku. Haionyeshi."

Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake na kuuacha pale. Nililia, na sikujisumbua kujificha. Jitu la mawe lilishindwa, kwa sababu steringi hafi, hiyo ndiyo sheria, na muziki ukapigwa na majina ya watu yakaanza kupanda kwenye kioo. Viijei aliaga, akanyamaza. Nikashika magoti yangu niinuke, swali langu likiwa mfukoni kama Jumapili zote.

"Kaa," alisema Mzee. "Haijaisha. Hapa iko kijana nataka kuchukua hii mutoto."

Nikakaa.

"Na yule mdogo," nikauliza, "anamwambia nini?"

"Anasema, chukua. Lakini usimuache mahali uende kutafuta kitu ingine, hata kama ni kitu muzuri. Mukivuka, muvuke pamoja."

Kwenye kioo hapakuwa na mtu yeyote anayeongea.